Usinisomee Sifuri Peke Yake

Kwa miaka mingi kazi yangu imekuwa kusimama mdomoni mwa matangi, chemba za majitaka na mashimo ya mabomba, kipima gesi mkononi, kabla mtu yeyote hajateremka. Baadaye nikaingia pia kikosi cha uokoaji, ambako kazi ni ileile ila giza ni kubwa na haraka ni nyingi. Swali ninaloulizwa halibadiliki: "Inasomaje?" Na jibu ambalo kila mtu anataka kulisikia ni sifuri. Sifuri ya gesi inayowaka, sifuri ya kaboni monoksaidi, sifuri ya haidrojeni salfaidi, halafu oksijeni 20.9. Akishasikia hivyo, mtu anakaza mkanda wake na kushika ngazi.

Mimi sifuri siipokei mpaka inieleze imetoka wapi. Huenda hewa ni safi kweli. Huenda pia sensa imekufa, mpira wa kuvutia hewa umeziba, gesi iliyomo humo si mojawapo ya zile ambazo kifaa kimetengenezwa kuzipima, au gesi imejaa kupita uwezo wa sensa. Skrini inaweza kukuandikia namba ileile kwa hali zote hizo, tena kwa herufi safi na taa ya kijani.

Jicho langu huanzia kwenye oksijeni. Vipima vingi hupangwa vilie oksijeni ikishuka hadi asilimia 19.5 au ikipanda hadi 23.5, na watu wengi huchukulia kwamba katikati ya hapo hakuna la kujadili. Ndiyo maana namba kama 20.4 hupita bila swali. Lakini oksijeni ni kama sehemu moja tu kati ya tano za hewa. Ikipungua kwa pointi moja, basi karibu asilimia 5 ya hewa yote imesukumwa pembeni na kitu kingine kimekaa mahali pake. Ikipungua kwa 0.1 tu, kitu hicho kinaweza kuwa nusu asilimia, yaani sehemu 5,000 katika kila milioni, au ppm kama inavyoandikwa kwenye kifaa. Kwa haidrojeni salfaidi, NIOSH, ambayo ni taasisi ya Marekani ya utafiti wa usalama na afya kazini, inahesabu ppm 100 tu kuwa hatari ya papo hapo kwa uhai.

Nakumbuka tangi moja la chuma lililokuwa limeoshwa, likafungwa likiwa na unyevu, likakaa. Tulipofungua, sifuri tatu, oksijeni 20.4. Kijana aliyepangiwa kuingia alikuwa ameshavaa kila kitu.

"Mzee, haijalia hata kidogo. Niingie?"

"Ngoja kwanza. Hiyo nusu imekwenda wapi?"

Alinitazama kama mtu aliyeulizwa habari za jirani asiyemjua. Nikampa tochi amulike ndani. Kuta zilikuwa nyekundu kwa kutu mbichi. Hapo hakukuwa na sumu iliyoingia. Chuma chenyewe kilikuwa kikila oksijeni polepole, na kwa kuwa humo ndani hewa haikuwa ikizunguka, si kila kona ilikuwa sawa na ile ya mlangoni. Tulipopitisha mpira hadi nyuma ya bati linaloligawa tangi, namba ilishuka chini ya 19 na kifaa kikaanza kulia. Tukapuliza hewa kwa feni mpaka ikarudi 20.9 kila mahali. Kisha nikaamuru feni izimwe, tungoje, tupime tena, kwa sababu namba inayopatikana feni ikivuma inakueleza habari za feni kuliko za tangi.

Kutu ilikuwa bahati nzuri. Lingekuwa pipa la kuchachushia au ghala la nafaka iliyovunda, hesabu ingekuwa nyingine kabisa. Kipima cha kawaida cha gesi nne hakina sensa ya kaboni dioksidi. Chukua hewa yenye asilimia 4 ya kaboni dioksidi, kiwango ambacho NIOSH hiyohiyo inakiita hatari ya papo hapo kwa uhai. Oksijeni itakuwa imeshuka hadi 20.1 hivi tu. Alamu kimya, sifuri tatu ziko palepale, na aliyeingia anahema kama aliyekimbia mlima bila kuelewa kwa nini. Kwa kazi za namna hiyo nadai kifaa chenye sensa yake mahususi. Nikiambiwa hakipo, basi hakuna kuingia, na mabishano yanayofuata nimeshayazoea.

Gesi inayowaka nayo ina mitego yake. Kwenye skrini imeandikwa LEL, na chini yake asilimia. Mgeni akiona 10 hudhani asilimia 10 ya hewa ni gesi. Sivyo. Hiyo ni sehemu ya njia kuelekea kiwango cha chini kabisa ambacho mchanganyiko unaweza kuwaka. Methani huanza kuwaka ikifika asilimia 5 ya hewa, kwa hiyo 10 kwenye skrini ni nusu asilimia tu ya methani. Kinachonitia wasiwasi ni upande wa juu. Methani ikizidi asilimia 15 inakuwa nyingi mno kuweza kuwaka, kwa kuwa oksijeni haitoshi, na sensa ya kawaida ya gesi hizi hufanya kazi kwa kuichoma gesi kidogo kidogo kwenye kishanga chenye joto. Pasipo oksijeni ya kutosha hakuna kinachochomeka, na kishanga hakina cha kusema. Ukiuingiza mpira kwenye bomba lililojaa gesi tupu, unaweza kuona namba ikiruka juu, ikigonga kilele, halafu ikiporomoka. Asiyejua atasema gesi imepungua. Vifaa vingi vya sasa huikamata hali hiyo na kung'ang'ania alama ya kuzidi kiwango mpaka ukizime na kukiwasha kwenye hewa safi, lakini vya zamani bado vimo mikononi mwa watu. Ndivyo ilivyo pia kwa tangi lililojazwa naitrojeni ili lisilipuke: gesi inayowaka sifuri, na sifuri hiyo haina maana yoyote kwa sababu oksijeni iko karibu na sifuri vilevile. Hii ndiyo sababu ya kusoma oksijeni kwanza. Ikiwa haitoshi, namba ya LEL usiijadili.

Ipo sensa nyingine inayotumia mwanga wa infraredi, ambayo haihitaji oksijeni kabisa. Nzuri sana, ila haioni haidrojeni. Kila sensa ina upofu wake.

Kishanga hicho kina adui anayeingia bila kishindo: silikoni. Imo kwenye vilainishi vya kupulizia, kwenye gundi za kuzibia madirisha, kwenye dawa za kung'arishia plastiki na ngozi. Mvuke wake unaweka utando kwenye kishanga, na kuanzia hapo gesi haigusi kitu. Tuliwahi kuletewa kipima kinachong'aa kuliko vyote kwenye kabati. Mwenzetu mmoja mwenye mapenzi na usafi alikuwa akikipangusa kwa dawa ya kung'arishia kila mwisho wa zamu. Kiliwaka vizuri, kikajikagua chenyewe, kikapiga mlio wake wa kuridhika, sifuri, sifuri, sifuri, 20.9. Tulipokipulizia gesi ya majaribio, sensa nyingine zote ziliamka, ile ya gesi inayowaka ikabaki sifuri kama haijaambiwa.

Kujikagua kwa kifaa kinapowaka kunapima betri, waya na mlio. Hakupimi kama sensa inahisi. Kwa hilo hakuna njia nyingine ila kukipa gesi yenyewe. Kwenye meza yetu pana mtungi mdogo wenye mchanganyiko unaojulikana: kwa kawaida methani ya kufikisha LEL 50, kaboni monoksaidi ppm 100, haidrojeni salfaidi ppm 25, oksijeni asilimia 18. Unavisha kifuniko juu ya sensa, unafungua valvu inayotoa nusu lita kwa dakika, na unatulia kutazama. Ninapenda kuzitazama namba zinavyopanda, si kungoja alamu tu. Sensa yenye afya inaruka mara moja na kutulia karibu na kilichoandikwa kwenye mtungi. Ile inayochoka, tuseme ya haidrojeni salfaidi iliyopaswa kufika 25, inajikokota, inafika 15, inapumzika, inafika 18, na alamu inalia kwa kuwa mpaka ni 10, hivyo kwa utaratibu imefaulu. Hiyo naiandikia. Wiki chache baadaye mara nyingi haifiki kabisa.

Watu huchanganya jaribio hili na kalibresheni. Jaribio ni kuuliza tu: unaisikia gesi, alamu inalia? Hufanywa kila siku kabla ya kazi na huchukua chini ya dakika moja. Kalibresheni ni kurekebisha, kukifundisha kifaa upya kwamba hii ndiyo 25, na hufanywa kwa vipindi ambavyo mtengenezaji ameviandika, au wakati wowote jaribio linapokwenda kombo. Na mtungi wenyewe una tarehe ya mwisho. Haidrojeni salfaidi hasa hufifia ndani ya mtungi, ukajikuta unamlaumu mzima kwa kosa la mgonjwa.

Wachimbaji wa makaa ya mawe wa Uingereza walikuwa wakishuka na ndege aina ya kanari, desturi iliyotokana na ushauri wa mwanasayansi John Scott Haldane mwishoni mwa karne ya 19, na ndege hao waliondolewa rasmi migodini mwaka 1986. Sikumbuki nilipohadithiwa mara ya kwanza, lakini huwa nalitaja kwa vijana kwa sababu moja: hakuna ambaye angeshuka na tundu bila kuchungulia kama ndege yu hai. Kifaa cha betri kina ubaya wa kuonekana hai hata kikiwa maiti.

Kisha kuna sifuri ya kughushi, ambayo mtu huitengeneza mwenyewe. Vifaa hivi vina amri ya kujipanga kwa hewa safi: unabonyeza, nacho kinaichukua hewa iliyopo kuwa ndiyo sifuri. Sasa mtu akibonyeza amesimama nyuma ya lori linalonguruma, kifaa kinaumeza moshi ule na kuuita hewa safi. Tuliwahi kukuta kipima kinasoma kaboni monoksaidi chini ya sifuri, alama ya kutoa kabisa mbele ya namba, tulipofika uwanjani kwenye upepo. Fundi mmoja akacheka akasema kimeharibika. Kilikuwa kizima kabisa. Kilikuwa kinatuambia kwamba pale kilipowashiwa palikuwa pachafu kuliko tulipo sasa. Tangu hapo kwenye zamu yetu vipima huwashwa mbali na magari na jenereta, upande upepo unakotokea, na anayewasha anataja mahali aliposimama.

Lakini sifuri iliyonifundisha zaidi haikuwa ya kifaa kibovu. Ilikuwa ya kweli kabisa, na ilidumu dakika chache.

Chemba ya majitaka, si ndefu, maji yametulia na tope limekaa chini. Tulipima kama ipasavyo: kwanza kupitia upenyo wa kifuniko kabla ya kukifungua chote, kisha juu, katikati na chini, tukisimama takriban kila mita moja na robo. Gesi hazikai pamoja. Methani ni nyepesi, hupanda; haidrojeni salfaidi ni nzito kuliko hewa, hulala chini; kaboni monoksaidi inakaribiana na hewa kwa uzito, hivyo inatangatanga. Na mpira una urefu wake: hewa ya chini inachukua sekunde kadhaa kusafiri hadi kwenye sensa, halafu sensa nayo ina muda wake wa kujibu. Anayeteremsha mpira na kuuvuta juu papo hapo amepima hewa ya mdomoni mwa shimo. Sisi tulingoja. Tuliangalia na chujio la maji lisiwe limelowa. Sifuri kila kina.

Mkuu wa zamu alikuwa ameshatia saini kibali. Nikaomba kitu kimoja: mti mrefu. Nikautumbukiza nikakoroga tope, mpira ukiwa umening'inia palepale juu ya maji. Kwa sekunde chache hakuna. Halafu haidrojeni salfaidi 4. Halafu 11, alamu ya kwanza. 23. 38. Povu lilikuwa likipasuka juu ya maji na namba ilikuwa bado inapanda nilipoacha kuitazama na kuwasogeza watu nyuma. Gesi ilikuwa imefungiwa ndani ya tope, ikimngojea mtu akanyage. Tulichokipima mwanzo kilikuwa hewa ya chemba iliyotulia, na aliyekuwa aingie alikuwa anakwenda kuitibua kwa mabuti yake.

Harufu, je? Yai viza kila mtu analijua. Haidrojeni salfaidi husikika puani hata ikiwa chini ya ppm 1, na hapo ndipo watu hujidanganya kwamba pua inatosha. Ikifika karibu ppm 100 mishipa ya kunusa hufa ganzi, na harufu inapotea wakati gesi inaongezeka. Nimesikia watu wakisema "sasa imepungua" kwa sauti ya nafuu.

Mahali pa kukivaa kifaa sitasema mengi: kifuani, ndani ya sentimita 30 kutoka puani, si mfukoni, si chini ya koti la mvua. Na kinabaki kimewashwa muda wote wa kazi. Kupima mlangoni na kukiacha kifaa mlangoni ni nusu ya kazi.

Upande wa uokoaji ni mgumu kwa sababu mwenzako amelala pale chini na unamwona. Mwaka 1986 NIOSH ilitoa tahadhari kwamba zaidi ya asilimia 60 ya waliokufa katika maeneo finyu walikuwa watu walioingia kuokoa. Nikiwaambia watu takwimu hiyo hutikisa kichwa na kukubali. Siku ya tukio wanakimbilia ngazi. Nimemshika mtu mkono huku akinipiga, ndugu wa aliyekuwa ndani, na wenzangu wakizungusha winchi. Kamba ilikuwa imefungwa tangu mwanzo, hivyo yule wa ndani alitoka akiwa hai bila mtu mwingine kuingia. Kama kamba isingekuwepo, kifaa changu kingenieleza tu kwa nini siwezi kushuka bila mtungi wa hewa na barakoa. Kifaa hakimzuii mtu. Aliyesimama mlangoni ndiye anayemzuia.

Siku nyingine kifaa hutangulia hata shaka. Kikosi chetu hufunga kipima kidogo cha kaboni monoksaidi kwenye mkoba wa huduma ya kwanza. Tuliitwa kwa watu wanaoumwa kichwa na kutapika, tukidhani ni chakula. Mkoba ulianza kulia kabla haujawekwa chini. Ppm 35 ni alamu ya kwanza. Skrini ilikuwa imeshapita 200. Hakuna aliyeuliza dalili tena, tukawatoa nje wote kwanza, maswali baadaye.

Mara nyingine mlio huohuo ulitupeleka kusiko. Chumba cha betri za akiba, hakuna moto, hakuna injini, na kaboni monoksaidi inasoma 80. Wenzangu walizunguka wakitafuta kinachoungua. Betri za risasi na asidi zinapochajiwa kupita kiasi hutoa haidrojeni, na sensa za kaboni monoksaidi nyingi huihisi haidrojeni na kuiandika kwa jina lisilo lake. Namba ilikuwa ya uongo, hatari ilikuwa ya kweli: haidrojeni huwaka kuanzia asilimia 4 ya hewa. Tulifungua milango, tukaomba chaji ikatwe kutokea nje ya chumba, na tukaacha kugusa swichi yoyote ya ndani.

Kuna tabia moja nilipambana nayo muda mrefu: watu kuziba tundu la mlio kwa utepe wa gundi. Nimeikuta zaidi ya mara moja, imekatwa vizuri kwa mkasi. Wakubwa walitaka adhabu. Mimi nikaomba kwanza tuvute kumbukumbu za kifaa, maana vipima vingi vya sasa huhifadhi kila namba na saa yake. Alamu zilikuwa nyingi kweli, zote za kaboni monoksaidi, zote kati ya 35 na 50, zote katika dakika zilezile baada ya kazi kuanza. Tukaenda kusimama pale saa ileile. Kompresa ya dizeli ilikuwa imewekwa karibu na mlango wa tangi, bomba lake la moshi likielekea ndani, na feni yetu wenyewe ikiuvuta moshi na kuwapulizia waliomo. Wale vijana hawakuwa wamechoshwa na alamu za uongo. Kifaa kilikuwa kikisema kweli kila asubuhi na hakuna aliyekwenda kutazama. Kompresa ikahamishiwa upande wa pili wa upepo na feni ikaongezewa bomba la kuvuta hewa kutoka mbali. Gundi walibandua wenyewe.